Mjane Aliyefufuliwa Bila Kibali

Ilikuwa Jumatano, tarehe tisa Aprili, na asubuhi hiyo mvua kubwa ilinyesha katika Jamhuri ya Itikieni. Redio ya taifa ilikuwa imetangaza jua kali, kwa hiyo wananchi watiifu walikwenda kazini bila miavuli, wakaloa kwa nidhamu. Aliyeonekana na mwavuli alisimamishwa na askari, akaulizwa kwa upole kama ana chanzo kingine cha habari.

Mama Ombeni aliloa pamoja na taifa. Alikuwa mjane wa makamo, mwenye rozari mfukoni na wajukuu mgongoni, na mchana alisaidia katika zahanati ya kata: kuchemsha maji, kushika mikono ya wanaojifungua, na kuomba. Jioni alikwenda shule ya sekondari ya watu wazima. Jambo alilolitaka duniani lilikuwa moja tu, kuingia chuo cha ukunga. Na sheria ya Itikieni ilisema wazi: hakuna kuingia chuo cha ukunga bila kufaulu fasihi ya Kiingereza.

Msomaji wa nchi nyingine asishangae. Wizara ilikwisha kueleza kwamba mtoto anaweza kuzaliwa wakati wowote akiwa na haja ya kuzungumza na wahisani, na itakuwa aibu akikosa wa kumjibu.

Fasihi hiyo ilifundishwa kwa njia iliyoitwa Mbinu ya Taifa. Zamani, kabla ya maendeleo, walimu walikuwa wakihangaika na njia nyingi. Wengine waliwasomea wanafunzi hadithi kwa sauti. Wengine waliwafanya waigize. Wengine, Mungu awasamehe, waliwauliza wanafunzi wanaonaje. Uchunguzi wa Wizara ukagundua kwamba mwanafunzi akiulizwa anaonaje, huona. Kila mmoja akaja na jibu lake, na wasahihishaji wakaumwa kichwa nchi nzima. Ndipo ikaletwa Mbinu ya Taifa, ambayo haimhitaji mwanafunzi aone, wala aelewe, wala afungue kitabu. Inamhitaji aitikie.

Kitabu chenyewe kilikuwepo. Kiliitwa *Mjane wa Darajani*, riwaya iliyotoka Uingereza, ya mwandishi ambaye Mwongozo wa Majibu ulimweleza kwa ukamilifu kuwa "mahiri aliyezaliwa na baadaye kufa". Kila shule ilipewa nakala moja, ikafungiwa ndani ya kabati la kioo, na ufunguo ukawekwa makao makuu ili kitabu kisichakae kwa kusomwa. Ijumaa wanafunzi walipita mbele ya kabati kwa mstari mmoja, wakavua kofia, wakakitazama. Hiyo iliitwa mazoezi ya usomaji.

Jioni hiyo ya mvua, Mwalimu Mpoki, kijana mwembamba aliyekuwa amechoka kabla ya kuzeeka, alisimama mbele ya darasa na Mwongozo mkononi.

"Mjane!" aliita.

"Alikufa!" darasa likaitikia.

"Alifia wapi?"

"Mtoni!"

"Nini kilimwua?"

"Mfumo!"

"Tunajifunza nini?"

"Tusife ovyo!"

Yote haya yalisemwa kwa Kiingereza. Wengi hawakujua neno lipi ni lipi, lakini wimbo waliujua. Mama Ombeni alikuwa miongoni mwa wachache waliotaka kujua na maneno. Alikuwa na kamusi ya marehemu mumewe, akaisoma kila usiku baada ya sala, na Kiingereza chake kilikuwa kinatambaa, lakini kilikuwa kinakwenda. Aliinua mkono.

"Mwalimu, samahani. Huyu mjane alizikwa wapi?"

"Haulizwi, mama."

"Nani alimlilia?"

"Mama Ombeni, huyo ni mhusika. Wahusika hawaliliwi. Wanajadiliwa."

"Najua, mwalimu. Ila tangu mwaka jana namwombea apumzike kwa amani, nami hata jina la kijiji chake silijui. Naona kama namtumia Mungu mzigo usio na anwani."

Fundi Kipanga, mshona viatu aliyekaa dawati la nyuma, alicheka. "Mama, wewe utaiombea hata sufuria."

"Sufuria haijafiwa na mume, Kipanga."

Darasa likacheka, na kabla kicheko hakijaisha, paa likavuja. Halikuvujia wanafunzi, ambao walikuwa wamekwisha kuloa. Lilivujia kabati. Maji yakapenya kwenye ufa wa juu, yakaanza kuteremka juu ya jalada la *Mjane wa Darajani*.

"Mungu wangu!" alisema Mwalimu Mpoki. "Mali ya serikali! Itabidi tuandike barua tuletewe ufunguo."

"Ufunguo ukifika," alisema Fundi Kipanga, "utakuta uji." Akatoa nyundo yake ya viatu.

Mwalimu Mpoki alimtazama, akalitazama kabati, akageukia ukuta. "Mimi naangalia huku," alisema. "Ukuta huu ni mzuri sana. Nikigeuka, nataka nikute kabati limejifungua lenyewe."

Kabati likajifungua kwa pigo moja. Kitabu kikatolewa kikichuruzika, na darasa zima likamgeukia Mama Ombeni, maana nani mwingine alikuwa na ujuzi wa kukausha nepi wakati wa masika?

Alikipeleka nyumbani kimefungwa ndani ya kanga. Akawasha jiko la mkaa, akaketi kwenye kigoda. Kitabu kilicholowa hakikauki kikiwa kimefungwa. Kinataka kifunguliwe ukurasa mmoja mmoja, kigeuzwe juu ya moto mdogo kama chapati. Na mtu mwaminifu aliyeshika ukurasa mbele ya macho yake, akisubiri ukauke, afanyeje? Afumbe macho? Ukurasa ungeungua. Kwa hiyo, kwa ajili tu ya kulinda mali ya serikali, Mama Ombeni akasoma.

Alisoma kwa siku nyingi. Ukurasa ulikauka zamani kabla hajauelewa, naye akauacha moto, akauendea kwa kamusi. Akagundua kwamba mjane alikuwa na jina. Alikuwa na goti bovu na mdomo mkali, alidharau uji wa jirani yake, na kila asubuhi alivuka daraja la mbao ambalo mkuu wa kijiji aliahidi kulitengeneza kila alipokohoa hadharani. Mama Ombeni alimjua kabisa. Alikuwa amekaa naye kwenye benchi la zahanati mara nyingi, ila hakujua kwamba na Waingereza wanaye.

Kisha akafika pale. Ubao ukakatika, mjane akaanguka mtoni, maji yakamfunika. Hapo ndipo Mwongozo wa Majibu ulipoandika: *Anakufa. Kifo chake kinaashiria mengi.* Mama Ombeni alifanya ishara ya msalaba. Alichukua rozari, akasali fungu zima, akafuta machozi, akageuza ukurasa.

Mjane aliibuka ng'ambo ya pili. Akatema maji, akakamua gauni lake, akauliza kama kuna mtu mwenye chai.

Mama Ombeni alipiga kelele hata kuku wakatoka nje. Kurasa zilizobaki alizisoma amesimama. Mjane alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mkuu wa kijiji, akaketi kwenye kiti chake cha kifahari akiwa vile vile na maji, akakataa kuinuka mpaka daraja litengenezwe. Kiti kikaoza. Daraja likatengenezwa. Mwisho wa kitabu anavuka, na jirani yake anabeba uji.

"Yu hai!" alisema Mama Ombeni jioni iliyofuata, akisimama mlangoni mwa darasa na kitabu kikavu kifuani. "Jamani, yu hai! Nilikuwa namwombea mtu anayekunywa chai!"

Mwalimu Mpoki alikaa chini. Hakuwahi kukifungua kitabu hicho maishani mwake. Chuoni alifundishwa Mwongozo, na alifaulu vizuri sana. "Soma," alisema kwa sauti ndogo. "Soma hapo alipoanguka."

Wakasoma kwa zamu, jioni baada ya jioni. Asiyejua neno alisaidiwa na jirani. Mjane alipomjibu mkuu wa kijiji, darasa lilicheka hadi madawati yakalia. Alipokaa peke yake siku ya kumkumbuka mumewe, Fundi Kipanga alitoa leso, akasema amepatwa na vumbi. Hakuna aliyeitikia kitu. Kila mmoja alikuwa anaona.

Na hapo ndipo mkaguzi alipopita nje, akasikia kicheko kikitoka kwenye kipindi cha fasihi.

Shauri lilipelekwa haraka. Darasa lilishtakiwa kwa kusoma bila mwongozo, na Mama Ombeni, kama kiongozi wa uovu, kwa kosa zito zaidi: kumfufua mhusika bila kibali. Jina lake likasimamishwa kwenye orodha ya watahiniwa hadi Tume ya Kuchunguza Uhai wa Mjane itakapokaa.

Tume ilikaa katika ukumbi wa halmashauri. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Sostenesi Kihampa, mtunzi wa Mwongozo, na hakuna aliyeona kasoro katika hilo, maana nani angeweza kuuchunguza Mwongozo vizuri kuliko aliyeuandika? Profesa alikuwa na tumbo la heshima na sauti iliyoingia ukumbini kabla yake.

"Ndugu wananchi," alisema, "kifo cha mjane huyu si jambo la kitabu. Ni mafanikio! Tumekifundisha, tumekitahini, tumekitolea zawadi. Mheshimiwa Waziri mwenyewe alipata alama ya juu kwa kifo hiki. Majaji, madaktari, makanali, wote wamevuka kwa kukanyaga maiti hii. Leo anatokea mama mmoja na jiko lake la mkaa, anatuambia maiti iliomba chai!"

Mama Ombeni alisimama. "Shikamoo, Profesa."

"Marahaba."

"Naomba kuuliza kwa heshima. Kitabu chako wewe kiliishia wapi?"

"Kiliishia mwisho."

"Mwisho upi?"

"Mwisho wa karatasi! Ubao unakatika, anaanguka, maji yanamfunika, jalada. Mwandishi mahiri! Anatuachia ukimya. Nimeandika sura nzima juu ya ukimya ule."

Mlangoni kulikuwa na Bi Sikitu, kikongwe aliyeuza karanga nje ya halmashauri tangu kabla halmashauri haijajengwa. Aliposikia hayo aliweka chini ungo wake.

"Sostenesi," alisema, "ukimya gani, mjukuu wangu? Si ndizo zile karatasi ulizokuwa unaniletea ukiwa mwanafunzi wa bweni? Njaa ilikushika, ukaja na kurasa za nyuma za kitabu, nikakufungia karanga humo humo. Nikakuuliza, huzihitaji? Ukaniambia, 'Bibi, mtihani hautafika huko.'"

Ukumbi uliangua kicheko. Karani wa Tume, mtu mzoefu, akaandika: *makofi*.

Profesa alinywa maji, akawanong'oneza wajumbe, na wajumbe wakamnong'oneza. Uamuzi ukatolewa siku hiyo hiyo, na ulikuwa wa hekima. Tume ilikubali kwamba kitabu na Mwongozo havilingani. Tume ikaona kwamba Mwongozo umekwisha kutahiniwa na kitabu hakijatahiniwa. Mjane akiishi, vyeti vya nchi nzima vitakufa, kikiwemo cha Waziri. Kwa hiyo, ili kuondoa mgongano, kurasa zote baada ya mto zichanwe katika kila nakala ya kila shule.

Na Mama Ombeni je? Tume haikuwa na ukatili. Jina lake lingerudishwa, kwa sharti moja. Katika Itikieni kila mtahiniwa hula kiapo mbele ya mashahidi kabla ya kupewa karatasi, akiahidi kujibu kama alivyofundishwa. Yeye katika kiapo chake angeongeza maneno mafupi: *mjane alikufa*. Akiyatamka, atafanya mtihani. Akifanya mtihani atafaulu, maana majibu anayajua. Akifaulu, chuo.

"Maneno mawili tu, mama," alisema Profesa kwa wema. "Watu wamesema makubwa kuliko hayo kwa cheo kidogo."

Mama Ombeni alirudi nyumbani akiwa mzito. Alipiga magoti. Hakuomba kwa ufasaha. Alisema tu, "Bwana, chuo nakitaka. Wewe unajua ninavyokitaka."

Wakati huo kurasa zilizochanwa zilikuwa tatizo jipya. Kuzichoma kulihitaji kibali cha mazingira, kuzizika kulihitaji kibali cha ardhi. Afisa mmoja mwenye moyo wa kujitolea akazitoa bure kwa wauza karanga, na Wizara ikampongeza kwa ubunifu. Basi Itikieni nzima ikaanza kula karanga kutoka katika koni za karatasi za nusu ya pili ya *Mjane wa Darajani*. Mwanzoni watu walitafuna na kutupa. Kisha mmoja akasoma alichoshika, akataka kujua kilichofuata, akanunua karanga nyingine. Kwenye foleni ya benki ukasikia, "Samahani dada, koni yako ni ya kiti cha mkuu wa kijiji? Mimi nina ya chai." Wanafunzi waliovua kofia mbele ya kabati maisha yao yote sasa walivamia ungo wa Bi Sikitu, naye akawafokea, "Pole pole! Mliofika darajani simameni huku, ambao bado mko kitini huku!" Wasiojua Kiingereza walitafuta wa kuwatafsiria, na waliotafsiri walilipwa karanga. Profesa Kihampa alipoona hayo aliwaandikia wahisani kwamba Wizara, chini ya uongozi wake, imebuni njia mpya ya kufundisha fasihi ya kigeni. Wahisani wakafurahi sana, wakatuma wataalamu wa karanga.

Lakini Mwongozo haukubadilika, na kiapo kilibaki palepale.

Wiki ya mtihani, jambo dogo lilitokea zahanati. Mwanamke alijifungua, na mtoto hakulia. Ukutani kulikuwa na mwongozo mwingine, wa idara nyingine, uliosema mtoto asipolia papo hapo aandikwe amekufa. Karani wa vizazi, kijana mtiifu, akaandika. Sista Felista, mkunga mkuu, hakutazama ukuta. Alimsugua mtoto mgongoni, akamsafisha pua, akamsugua tena, huku Mama Ombeni ameshika taa na midomo yake inatembea katika sala. Mtoto akalia. Akalia kwa hasira, kama mtu aliyekatizwa usingizi.

"Futa hapo," Sista alimwambia karani.

"Hakuna kufuta, Sista. Mwongozo haujasema kufuta."

"Husikii analia?"

"Nasikia. Ila analia kinyume cha utaratibu."

Mama wa mtoto aliinua kichwa kutoka kitandani. "Wameandika nini?" aliuliza. "Jamani, wameandika nini kuhusu mwanangu?"

Mama Ombeni alishusha taa, akamweka mtoto kifuani pa mama yake. Jioni, alipotoka, Sista alimfuata hadi mlangoni.

"Kesho sema tu alikufa, dada," alisema. "Nakuhitaji huku. Ni mtu wa kitabuni, hatakudai."

"Hatanidai yeye, Sista," alijibu Mama Ombeni.

Siku ya mtihani redio ilitangaza jua. Mama Ombeni alitazama wingu, akachukua mwavuli, akaufungua barabarani mbele ya watu wazima na watoto. Alifika shuleni mkavu, na hilo peke yake likatia shaka.

Watahiniwa walipangwa uwanjani. Mezani alikaa msimamizi, pembeni yake askari, na katikati Profesa Kihampa, aliyesafiri kuja kujionea mazishi. Nje ya uzio Bi Sikitu alikuwa na ungo wake, na nyuma yake watu wengi waliosema wamekuja kununua karanga tu. Mmoja baada ya mwingine watahiniwa wakaapa, wakapewa karatasi. Fundi Kipanga aliapa akitazama viatu vyake. Kisha likaitwa jina la Mama Ombeni.

"Ahidi," alisema msimamizi, "na uongeze yale maneno."

Mwalimu Mpoki, aliyekuwa amesimama mwisho wa mstari, alitazama huku na huku akitafuta ukuta wa kuangalia. Hapakuwa na ukuta. Akakohoa, akafanya kitu alichofundishwa chuoni kukifanya vizuri kuliko vyote.

"Mjane!" aliita.

Na darasa la jioni, lililozoeshwa na Wizara kuitikia bila kufikiri, likaitikia, na watu wa nje ya uzio wakaitikia nalo, karanga mdomoni:

"Yu hai!"

Msimamizi aliangusha kalamu. Askari, ambaye mfuko wake wa shati ulitoa kona ya koni, alikazia macho bendera. Profesa alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya usomi akaonyesha ule ukimya alioandikia sura nzima.

Mama Ombeni alifunga mwavuli wake, akaulaza juu ya meza ya mtihani, akainua mkono wenye rozari. Manyunyu yalikuwa yameanza.

"Naahidi," alisema kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "mbele ya Mungu, na mbele yako Profesa, na mbele ya Bi Sikitu na ninyi nyote mnaonisikia: aliye hai sitamwandika amekufa, awe wa kitabuni, awe wa kitandani, hata mwongozo useme nini. Na mkininyima karatasi leo, mwakani nitasimama hapa hapa, na mwaka utakaofuata, na kila mwaka, mpaka mnikubali au kiti chenu kioze."